Manu Dibango Alipita Mikononi mwa Wakongo

Hotuba kwa vijana wa vyombo vya kupuliza, Lubumbashi

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, ndugu wanamuziki wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, na ninyi vijana mliokuja na vyombo vyenu mikononi, nawasalimu wote. Mliotoka Likasi na Kipushi, karibuni sana.

Nimeombwa niseme juu ya saksofoni na muziki wa asili yetu. Majina ya kusemwa ni mengi, na kila mzee aliyemo humu ana lake. Nimechagua kubaki na mtu mmoja, Manu Dibango wa Kamerun, ambaye Afrika nzima ilimwita Papa Manu. Vijana wengi wanamjua kwa wimbo mmoja, na kwa kichwa kilichonyolewa, miwani nyeusi na kile kicheko kizito. Wanadhani ni Mkamerun aliyekwenda Ulaya, akajifunza jazi, akaiongezea ngoma za kwao, akapata jina. Mambo hayakwenda hivyo. Alipokutana na Wakongo alikuwa tayari mpigaji wa jazi, na ni Wakongo waliomfundisha kuupiga muziki wa Afrika mbele ya Waafrika. Miaka aliyofanya kazi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuanzia 1961 hadi 1963, ndiyo iliyomtengeneza. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitalishikilia mpaka mwisho, maana linatuhusu sisi tunaojifunza saksofoni katika nchi hiihii.

Alizaliwa Douala tarehe 12 Desemba 1933, akaitwa Emmanuel N'Djoké Dibango. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Yabassi. Mama yake alikuwa Mduala, fundi wa kushona nguo. Nyumbani walikuwa Waprotestanti, na muziki wa kwanza uliomwingia mtoto yule ulikuwa wa kanisani, tenzi zilizotoka Ulaya zikaimbwa kwa lugha ya mama yake. Hapa kwetu hilo si jambo geni. Mji huu ulimpata Joseph Kiwele, mpiga kinanda cha kanisa, aliyetunga misa kwa sauti za Katanga kabla ya uhuru. Wengi wetu tuliomo humu tulipewa tarumbeta au klarineti ya kwanza katika fanfari ya parokia. Kwa hiyo tukisikia kwamba Papa Manu alianzia kwenye tenzi, tunamtambua.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 15, alipanda meli kwenda Ufaransa kusoma. Katika mzigo wake mlikuwa na kilo tatu za kahawa za kumpa mwenyeji aliyempokea. Vita Kuu ilikuwa imekwisha miaka minne tu kabla ya hapo, na kahawa huko ilikuwa mali. Baadaye alizifanya kilo hizo tatu kuwa jina la kitabu cha maisha yake. Alisomeshwa katika mji mdogo wa Saint-Calais, akajifunza piano, na kwenye kambi ya likizo ya watoto wa Kamerun akaishika saksofoni. Huko alikuwa na kijana mwenzake, Francis Bebey, ambaye naye alikuja kuwa mwanamuziki mkubwa. Walisikiliza Louis Armstrong, Duke Ellington na Sidney Bechet. Walijifunza kama tunavyojifunza sote: sahani inazunguka, unaiga, unakosea, unairudisha mwanzo.

Baba alitaka diploma. Mwana akashindwa mtihani, usiku akawa anapiga muziki katika mabaa, na mwaka 1956 pesa za kutoka nyumbani zikakatwa. Akahamia Bruxelles, Ubelgiji, kutafuta kazi.

Tumwangalie vizuri hapo. Ni kijana wa miaka 22. Anajua jazi ya Wamarekani, anajua cha-cha-cha, anaweza kuwachezesha Wabelgiji usiku wa Jumamosi mpaka alfajiri. Muziki ambao Waafrika wenzake walikuwa wakiucheza mwaka uleule katika miji yao, Léopoldville, Brazzaville, Accra, ulikuwa mbali naye. Alikuwa ameondoka nyumbani akiwa mtoto. Ninawaambia hivi kwa sababu baadhi yenu mnaona aibu kwamba mnajua nyimbo za YouTube kuliko nyimbo za bibi zenu. Papa Manu alianza akiwa mbali kuliko ninyi. Ninyi bibi zenu wako Katuba, mnaweza kwenda kwa miguu.

Bruxelles kulikuwa na klabu iliyoitwa Les Anges Noirs, na Manu aliongoza okestra ya pale. Mwanzoni mwa 1960 wanasiasa wa Kongo wakafika mjini humo kwa mkutano wa Table Ronde, kupanga uhuru na Wabelgiji. Pamoja nao akafika mwimbaji Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, na okestra yake African Jazz, Docteur Nico akiwa kwenye gitaa. Ni katika siku hizo Kallé alipotoa Indépendance Cha Cha, wimbo uliozunguka Afrika nzima mwaka ule. Manu hakuupiga wimbo huo, na wanaomtaja humo wanamzidishia. Lakini Wakongo waliokuwa Bruxelles walipita Les Anges Noirs, Kallé akamsikia, akampenda, na baadaye wakaingia studio pamoja palepale Bruxelles. Manu alipiga piano na saksofoni. Rumba ya wakati ule ilikaa juu ya magitaa, na piano ndani yake ilileta ladha mpya. Kallé alikuwa na sikio la kuchagua watu. Hakumuuliza Manu ni wa kabila gani wala ametoka nchi gani.

Mwaka 1961 Kallé akamwalika Léopoldville. Alikuja kwa mkataba mfupi, akakaa miaka miwili.

Wazee wetu wanajua ni miaka gani hiyo. Lumumba aliuawa Januari 1961, hapa Katanga. Jimbo letu lilikuwa limejitenga tangu Julai 1960, na halikurudi mpaka Januari 1963. Elisabethville, mji wetu huu, na Léopoldville zilikuwa upande huu na upande ule wa vita. Hata hivyo Léopoldville ilikuwa inacheza. Watu walitoka kazini, wakabadili nguo, wakaenda baa yenye okestra. Manu alipiga na African Jazz, akaendesha klabu, kisha akafungua ya kwake akaiita Tam-Tam. Mwaka 1962 akatoa Twist à Léo, na tuisti ikashika mji.

Sasa niwaambie mpigaji wa saksofoni anajifunza nini mahali kama pale, maana vitabu huliruka jambo hili, nalo ndilo kiini. Katika klabu ya jazi ya Ulaya watu wameketi. Wanakusikiliza, wanakungoja, ukipotea njia wanasubiri urudi. Unaweza kupiga dakika tano peke yako, wakapiga makofi. Katika baa ya rumba watu wamesimama wawili wawili, na miguu yao inakudai kila pigo. Mwimbaji anamaliza ubeti, gitaa la kuandamana linashikilia njia, maraka zinaendelea, na wewe mwenye saksofoni unapewa nafasi ndogo sana. Ukiingia mapema unamkata mwimbaji. Ukisema mengi unamfunika mpiga solo. Ukichelewa, wachezaji wanaona tundu. Katika nafasi hiyo ndogo useme kitu kimoja ambacho kiuno kinakielewa, kisha unyamaze.

Usiku baada ya usiku, miaka miwili. Hakuna shule inayotoa mafunzo ya namna hiyo. Sikilizeni sasa rekodi zake za baadaye, hata zile alizozifanya na Wamarekani, mtasikia alama ya Léopoldville. Anapiga sentensi fupi, anaiachia hewa, besi inajibu, anairudia akiwa ameibadili kidogo mwishoni. Anaijua jazi yote, lakini hakuoneshi yote. Mimi nikimsikiliza mpigaji mpya, jambo la kwanza ninalolitafuta ni pale anaponyamaza, na kwa Papa Manu unyamavu ule una mapigo ndani yake.

Wala Wakongo hawakuanza saksofoni kwa Manu. Katika miaka ya 1950 Mbelgiji Fud Candrix aliipiga katika studio za Léopoldville, na vijana wa pande zote mbili za mto wakaichukua: Jean Serge Essous na Nino Malapet wa Brazzaville walikuwa mabingwa. Na yuko mmoja ambaye mji wetu haumtaji inavyostahili. Isaac Musekiwa alizaliwa Rhodesia ya Kusini, nchi tunayoiita Zimbabwe leo, akapanda kuja huku, akaishi Elisabethville, na baadaye akaenda Léopoldville akapiga na African Jazz, kisha akawa mtu wa OK Jazz, okestra ya Franco, kwa miaka mingi. Saksofoni yake iko ndani ya rumba ambayo wazazi wenu walifungia ndoa. Alipitia hapa. Reli ya kutoka kusini ilifika mji huu mwaka 1910, na kwa reli hiyo walikuja wafanyakazi wa shaba, makanzu ya wamisionari, na pia magitaa, sahani za santuri na muziki wa Bulawayo na Johannesburg. Tunapozungumza juu ya jazi Lubumbashi, tusiseme kana kwamba imetufikia kwa simu za mkononi.

Na tusisahau mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke. Hugh Tracey, aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akamrekodi wimbo wake Masanga, na wapiga gitaa wa nchi nyingi mpaka leo wanavunjika vidole kuutafuta wimbo ule. Mwenda alichukua chombo cha Wazungu akapiga humo sauti mbili tatu kwa mkupuo mmoja, na akaimba kwa Kiswahili chetu. Hakuwa na saksofoni. Lakini kazi ni ileile, na aliifanya miaka 20 kabla Manu hajajulikana duniani.

Mwaka 1963 Manu alirudi Douala, akafungua Tam-Tam nyingine. Kamerun ilikuwa na machafuko, kukawa na amri ya kutotembea usiku, na klabu ikafa ikamwachia madeni. Mwaka 1965 akarudi Ufaransa kuanza upya, akimpigia ogani Dick Rivers, kisha akiongoza okestra ya Nino Ferrer. Alikuwa na miaka zaidi ya 30, ana mke, na anapiga nyuma ya waimbaji wa Kifaransa. Wapo humu wanamuziki wanaojua uzito wa kazi ya namna hiyo. Unapiga vizuri, jina kwenye bango ni la mwingine.

Kisha ukaja mwaka 1972. Kamerun iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, Manu akaomba kuandika wimbo wa mashindano, akapewa kazi hiyo. Upande wa kwanza wa sahani aliweka wimbo wa kombe. Upande wa pili ulikuwa mtupu, akaweka kitu chake mwenyewe, Soul Makossa. Alisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa akiujaribu kwao Douala, watoto wa mtaani walimcheka kwa jinsi alivyokuwa akiyagugumiza maneno. Kamerun ikafungwa nusu fainali na Congo ya Brazzaville 1-0, na Wabrazzaville wakalichukua kombe. Zaire yetu ikamaliza ya nne. Watu wa Yaoundé hawakutaka tena kuusikia wimbo wa kombe, na sahani ile ilionekana imekufa.

Nakala chache zikafika New York. David Mancuso, aliyekuwa akichezesha watu muziki katika sherehe za nyumbani kwake, akaipata moja, akageuza upande wa pili. Watu wakataka kuujua wimbo huo ni wa nani. Redio zikaushika, nakala zikaisha madukani, na okestra za Marekani zikaanza kuurekodi zenyewe kabla mwenye wimbo hajafika. Kampuni ya Atlantic ikanunua haki ya kuutoa, na mwaka 1973 ukapanda mpaka nafasi ya 35 katika orodha ya Billboard Hot 100. Manu akaalikwa Apollo, Harlem, jukwaa ambalo wanajazi aliowaiga akiwa mtoto walipita. Mwaka huohuo akapiga na Fania All-Stars katika uwanja wa Yankee Stadium, saksofoni ya Mkamerun katikati ya ngoma za konga za Wapuertoriko.

Kwa nini wimbo ule ulifika? Naomba mtakaporudi nyumbani muusikilize mkiwa mmeacha sauti ya Manu pembeni. Sikilizeni ngoma na besi. Makossa, muziki wa dansi wa Douala, ilikuwa ya magitaa, yenye mwendo wake wa kuvuta mguu kidogo kabla ya kuuweka chini. Manu aliubeba mwendo ule mzima mzima, hakuugusa. Akaupa besi nene ya Wamarekani weusi wa wakati ule. Juu yake akaweka sauti yake ya chini, anaongea zaidi kuliko anavyoimba, kisha vyombo vya kupuliza vinarusha sentensi fupi, na saksofoni inaingia ikijua pa kukaa. Ni somo la Léopoldville hilo. Wamarekani walisikia kitu wanachokijua na kitu wasichokijua vikitembea kwa hatua moja, na miguu ikakubali kabla ya kichwa.

Hapa kwetu nasikia vikundi vingi vinavyosema vinachanganya jazi na asili. Wanapanga mdundo kwenye sinteta, kile kinanda cha umeme, wanaweka ngoma moja pembeni kwa ajili ya picha, wanamwomba mwenye saksofoni atoe noti nyingi. Ni muziki safi, umepangwa vizuri, na hausogezi mtu. Bukari, ugali wetu, hausongwi kwa kumwaga unga wote kwenye maji baridi. Maji yachemke kwanza, unga uingie kidogo kidogo, na mkono usiache kukoroga. Papa Manu alichemka Bruxelles na Léopoldville miaka mingi kabla ya kuongeza unga wa Douala.

Niseme pia juu ya pesa, maana wazazi wenu wataniuliza. Mwaka 1982 Michael Jackson alitoa Thriller, na ndani ya wimbo wa kwanza wa albamu ile yamo maneno ya kugugumiza yaliyotoka Soul Makossa. Mwenye wimbo hakuwa ameombwa. Manu akadai haki yake, wakamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2007 Rihanna akayatumia tena maneno yale katika wimbo wake, na Manu akarudi mahakamani Paris mwaka 2009. Mtu aliyechekwa na watoto wa mtaa kwa maneno hayo alijikuta akiyalinda mbele ya majaji akiwa na zaidi ya miaka 70. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu wimbo ulikuwa umeandikwa kwa jina lake. Vijana, mkitunga, andikeni. Tarehe, majina ya wote waliopiga, nani ametunga nini. Pelekeni SOCODA, shirika la haki za watunzi. Msirekodi kwa mtu kwa kupeana mikono peke yake, hata akiwa rafiki, hata akiwa muumini mwenzenu. Na mkichukua wimbo wa kijiji, semeni ni wa kijiji gani, maana hamtapenda kufanyiwa walivyomfanyia Papa Manu.

Yuko mpigaji saksofoni wa Kongo aliyelielewa jambo hili mapema. Verckys Kiamuangana Mateta alitoka OK Jazz mwishoni mwa miaka ya 1960, akaunda okestra yake Vévé, kisha lebo yake na studio yake, na okestra nyingi za vijana katika miaka ya 1970 zilipitia kwake. Alifariki mwaka 2022. Kwangu yeye ni nusu ya pili ya somo hili. Manu alionesha saksofoni ya Kiafrika inaweza kwenda wapi, na Verckys alionesha kwamba mwenye kupuliza anaweza pia kumiliki mashine.

Maisha ya Manu baada ya 1973 yalikuwa marefu, nami nitayapita haraka. Alikaa Abidjan kuanzia 1975 mpaka 1979 akiongoza okestra ya redio na televisheni ya Côte d'Ivoire. Alikwenda Jamaika kurekodi na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare. Mwaka 1985 alirekodi na Herbie Hancock, na kipindi hichohicho akawakusanya wanamuziki wa Afrika kuimba kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Mwaka 1994 ikaja Wakafrika, na humo wamo Youssou N'Dour, Salif Keita na Angélique Kidjo. Mwaka 2004 UNESCO ikamfanya Msanii wa Amani. Kila alipokwenda alikwenda na sauti yake, ukimsikia sekunde tatu unajua ni yeye. Alifariki tarehe 24 Machi 2020 karibu na Paris, kwa Covid-19, akiwa na miaka 86. Mwezi uleule sisi Lubumbashi tulikuwa tumefungiwa ndani tukingoja kuambiwa kama ugonjwa umetufikia. Hatukuweza hata kukutana kumpigia. Kwa hiyo siku ya leo, kwa sehemu, ni deni.

Kabla sijawaachia vijana nafasi, kuna jambo la kazi yenyewe ambalo lazima niliseme, kwa sababu ni hapo mnapokwama.

Saksofoni imetengenezwa kwa ngazi ya sauti ya Ulaya. Kisanji cha mzee wa Kamina, kile kinachopigwa kwa vidole gumba, na madimba ya upande wa Sandoa, yale ya vibao vya mti, havikutengenezwa hivyo. Ukijaribu kupiga pamoja, noti zako mbili tatu zitagombana na zao. Kijana anafanya nini? Anamwambia mzee kwamba kisanji chake hakiko sawa. Nimelisikia hilo kwa masikio yangu, na liliniuma. Kisanji kiko sawa kabisa, kimewekwa na mtu mwenye sikio kuliko wewe. Wewe ndiye mwenye chombo kinachoweza kusogea. Piano haiwezi, lakini saksofoni inaweza. Ukilegeza mdomo juu ya anshi, ule mwanzi wa kupulizia, noti inashuka. Ukibana, inapanda. Ukibadili umbo la koo, kama unavyofanya unapotamka a kisha i, rangi ya sauti inageuka. Basi keti na mzee, mwombe apige noti moja, itafute kwa mdomo wala usiitafute kwa vidole, mpaka sauti mbili ziwe moja. Itachukua wiki nyingi. Hiyo ndiyo shule.

Ethiopia alikuwepo Getatchew Mekurya, aliyezaliwa mwaka 1935, karibu rika moja na Manu. Yeye hakupitia Ulaya. Alichukua shellela, tambo za wapiganaji wa kwao kabla ya vita, sauti ya mtu anayejigamba na kutishia, akaiweka yote kwenye saksofoni: mtetemo, mkwaruzo, kupanda kwa ghafla. Ukimsikiliza husikii mtu anayepiga wimbo wa asili kwa saksofoni, unamsikia mpiganaji. Alifika hapo kwa sababu alijua kuutamba mwenyewe kwa mdomo kabla ya kuupuliza. Nyimbo zenu ziimbeni kwanza, na maneno yake, kwa lugha yake. Kibemba kina kupanda na kushuka kwake, Kiluba vilevile, Kisanga vilevile, na wimbo unafuata sauti ya lugha. Ukipiga bila kujua maneno, mama wa Kasenga atasikia umetukana bila kujua.

Na muulize mzee wimbo huo unaimbwa lini. Zipo nyimbo za kilio, zipo za kumtoa mwali, zipo za mtoto mapacha. Si zote za kupelekwa jukwaani, na mzee akisema huu hapana, mshukuru, umwombe mwingine. Ukipewa, upige kwanza kwa wanaocheza. Nenda kwenye harusi, kwenye sherehe ya mtaa, mahali ambapo hakuna atakayekusikiliza ukiwa hufai. Fanya huko kile ambacho Manu alikifanya Léopoldville.

Nimesema ya kutosha. Vijana wamejiandaa kwa kazi hii: kila mmoja amekwenda kwa mzee wa kwao akachukua wimbo mmoja, na leo wataupiga wakisindikizwa na ngoma na kisanji peke yake, bila sinteta. Wataanza wa Kenya, watafuata wa Katuba, na watu wa Likasi watamaliza. Kila mmoja aseme kwanza wimbo ni wa wapi na amefundishwa na nani. Wazee wetu, nawaomba kitu kimoja: mtoto akikosea wimbo wenu, msisubiri amalize. Msimamisheni, mwimbieni, kisha aanze tena.